Siku Niliyogeuza Namba ya Shangazi Salome

Ofisini kwangu hapa Mbeya kuna kompyuta ya zamani ambayo hakuna anayekubali kuitupa. Feni yake ikizidiwa huanza kuunguruma, na baada ya muda hutoa harufu ya vumbi linaloungua juu ya plastiki ya moto. Wenzangu hufungua dirisha. Mimi hushindwa kukaa. Huinuka, nikaenda mpaka kwenye korido, nikarudi, nikainuka tena, kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili. Wiki iliyopita mwenzangu mmoja aliniuliza kama kiti changu kina msumari. Nikamwambia hapana, ni harufu tu. Akacheka, nami nikamwacha acheke, maana kumweleza ingenibidi nianzie Iringa, Ipogolo, na ndege kubwa ya abiria iliyokuwa ikiruka juu ya meza ya chakula ya bibi yangu.

Tuliishi Ipogolo, chini ya mji, karibu na barabara kuu kiasi kwamba malori yalipobadilisha gia vikombe vilitetemeka kabatini. Baba alikuwa fundi wa malori. Mama alikuwa Mbeya akisomea uuguzi, na tulimwona likizo tu. Mimi nilibaki na Baba na Bibi, mama yake Baba. Jina langu ni Tulizo, na Bibi alikuwa akisema mchungaji angejua angenibatiza jina jingine. Nilikula nimesimama. Nililala nikigeukageuka mpaka shuka linanifunga miguu. Shuleni mwalimu alinipa kazi ya kufuta ubao ili nipate sababu halali ya kutembea darasani. Leo najua nilikuwa nasikilizia mabasi ya kutoka Mbeya, kila moja, kama lingesimama. Wakati ule nilidhani ni miguu yangu tu ilivyo.

Nilikuwa na miaka minane Shangazi Salome, mdogo wake Baba, aliporudi nyumbani bila kutarajiwa. Alikuwa rubani, au karibu awe. Alikuwa amemaliza chuo cha urubani, kampuni moja ya ndege ikamchukua, na kilichobaki kilikuwa mtihani wa kurusha ndege kubwa, unaofanyika ndani ya mtambo wa kuigiza ndege, usioondoka ardhini. Kanisa zima lilijua, maana Bibi alikuwa amelitangazia. Sasa huyu hapa, mlangoni, na begi moja na boksi alilolibeba kifuani kama mtoto mchanga.

Jioni ile nilimsikia Bibi akimnong'oneza jirani yetu uani: "Salome karudishwa. Anasema otopailoti imemwangusha."

Maneno hayo yalinikosesha raha siku mbili. Nilijua kuangushwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeangushwa na mtoto wa darasa la nne, nikatoka damu gotini. Nikamwona huyo Otopailoti waziwazi: mwanamume mrefu, mwenye kofia, anayemtega Shangazi mguu kwenye ngazi za ndege. Shangazi alipooga nilichungulia miguu yake kutafuta kovu. Sikuliona. Nikahitimisha kwamba kaumia ndani.

Siku ya tatu, baada ya shule, nilimkuta amelifungua lile boksi mezani. Ndani mlikuwa na kompyuta kubwa ya kubeba, nzito kama jiwe la kusagia, na fimbo ya plastiki nyeusi yenye vitufe. Wa rika langu mtakumbuka: kompyuta wakati ule tulizijua za steshenari, za kuchapia barua, na aliyeibukia ofisini mchana alimkuta karani anaichezea karata. Hii ilikuwa na chumba kizima cha rubani ndani yake. Swichi juu, swichi chini, vioo vya bluu na kahawia, na nje ya madirisha, barabara ndefu ya lami iliyopakwa mistari myeupe. Feni ilikuwa ikiunguruma na ile harufu ilikuwa imeshajaa sebuleni.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Njoo ukae."

"Otopailoti ni nani?"

Nilidhani atanifokea. Kisha akavuta kiti cha pili karibu na chake. "Siyo mtu," alisema. "Ni hiki kibao hapa juu. Unakiambia uelekeo, urefu wa kwenda juu, mwendo, nacho kinaishika ndege kwa niaba yako."

"Basi kwa nini kilikuangusha?"

"Hakikuniangusha. Nilishindwa mtihani mwenyewe." Aliachia pumzi. "Niliambiwa nisimamishe ndege kwenye urefu fulani. Nikaweka namba, nikabonyeza, nikaendelea na mambo mengine. Kumbe kitufe hakikushika. Ndege ikapita pale nilipoambiwa, inapanda tu, na mimi nimetulia kama abiria. Mtahini ndiye aliyeniambia."

Alipewa mwezi mmoja na nafasi moja zaidi. Nafasi hiyo ndiyo aliyokuja kuifanyia mazoezi kwa lile boksi.

Tangu siku ile nikawa msaidizi wake. Nilikaa kiti cha upande wa kulia, kisanduku cha soda chini ya makalio ili nione, na kazi yangu ilikuwa kumsomea namba zilizo kwenye kile kibao. Sikuelewa nusu ya tulichofanya, lakini alinieleza yote, kwa sauti, kama anajieleza mwenyewe. Otopailoti haikabidhiwi ndege iliyopinda, alisema. Inyooshe kwanza kwa mkono, itulie, halafu ndiyo uwashe. Ukitaka kuirudisha mkononi, izime kwa kitufe chake, usishindane nayo kwa fimbo. Na zaidi ya yote: kubonyeza si kazi. Kazi ni kusoma. Juu ya kioo kikubwa palikuwa na mstari wa herufi ndogo za kijani, na hizo ndizo zilizosema ndege inafanya nini kweli. "Kitufe ni ombi," alisema. "Jibu liko pale juu. Weka, bonyeza, soma."

"Weka, bonyeza, soma," niliitikia.

Naye hakuwa mtulivu. Alitikisa goti chini ya meza mpaka chai inamwagika sahanini. Alikata kucha kwa meno. Umeme ulipokatika katikati ya safari, na ulikatika sana, alisimama akazunguka nyumba nje mara tatu, nne, mikono nyuma, nami nikimfuata. Bibi alitutazama kutoka jikoni akatikisa kichwa. "Ee Nguluvi," alisema, akimwita Mungu kwa Kihehe. "Sasa ninao wawili."

Baba hakuipenda ile kompyuta. Alirudi na grisi mikononi, akasimama nyuma yetu, akatazama ndege ikijigeuza yenyewe kwenye anga la bluu. "Mimi gari likijiendesha lenyewe kushuka mlima wa Kitonga, hilo ni jeneza," alisema siku moja.

"Ndiyo maana natakiwa kulitazama, kaka," Shangazi alimjibu.

"Kuna kazi hapa hapa mjini, Salome. Kuna shule inatafuta karani. Mtu unakaa chini, unapumzika."

Shangazi alikigeukia kioo. Goti lake lilijibu.

Safari aliyoichagua ilikuwa kutoka Dar es Salaam mpaka uwanja wa Songwe, Mbeya. Alisema ni kwa sababu ya milima: ukikosea urefu huko, huna pa kujificha. Mimi nilisikia neno moja tu, Mbeya. Nilikuwa na hakika kwamba tukishuka chini ya mawingu nitaiona hosteli ya Mama, ina bati jekundu, mwenyewe aliniambia. Mara ya kwanza tulipotua nilibandika pua kwenye kioo mpaka kikapata ukungu. Hapakuwa na bati jekundu. Palikuwa na ardhi ya kahawia iliyopakwa kama rangi iliyomwagika, na miti iliyofanana yote, ya nchi ambayo sikuijua. Nikadhani tumefika mchana, Mama yuko darasani, na nyumba huwa zinaonekana jioni.

"Tukitua hapa mara tatu bila kosa hata moja," Shangazi alisema akiweka alama kwenye karatasi, "nitajua niko tayari. Naondoka bila kusubiri mwezi uishe."

Mara ya kwanza ilikuwa hiyo. Ya pili ilikuja siku nne baadaye, laini kabisa, hata yeye alitabasamu. Usiku wake sikupata usingizi. Nilikuwa nimezoea kiti cha kulia. Nilikuwa nimezoea mtu mzima anayenieleza mambo kwa sauti na kusubiri niitikie. Nilimpoteza Mama kwa chuo, sasa nampoteza Shangazi kwa kutua vizuri, na mimi ndiye ninayemsomea namba.

Safari ya tatu ilikuwa Jumamosi mchana. Bibi alikuwa shambani, Baba gereji. Tuliruka, tukanyoosha, tukawasha, tukasoma. Tulikata mawingu. Tulipoanza kushuka kuelekea Mbeya, Shangazi aliweka futi elfu kumi na mbili. Hapo ndege ilitakiwa kuacha kushuka, ikae juu ya milima mpaka tuivuke. Akabonyeza, akasoma zile herufi za kijani, sawasawa. Halafu simu yake ikaita.

Alikuwa mwenzake aliyeingia naye kazini pamoja, ambaye alikuwa amefaulu. Shangazi aliinuka akaenda dirishani, akanipa mgongo. "Hongera," alisema. "Hapana, hongera kweli." Sauti yake ilikuwa nyembamba.

Nilinyoosha mkono. Sikufikiri sana, au nilikuwa nimefikiri usiku kucha. Nikaigeuza namba kwa kipanya, kidogo kidogo, mpaka ikasoma elfu saba. Sikuwa najua elfu saba ni wapi. Nilitaka tu akosee kosa moja dogo, ili alama isiwekwe.

Alirudi akaketi, simu bado mkononi, akitazama kioo lakini macho hayapo.

"Namba?" aliniuliza, kama kawaida yetu.

Na mimi nikasema, "Elfu kumi na mbili."

Tukashuka ndani ya wingu jeupe. Yeye alikuwa akipekua karatasi zake za kutua, akisugua paji la uso. Dakika zikapita. Nilitaka kusema. Kila nilipofungua mdomo, feni iliunguruma zaidi. Kisha sauti ya mwanamume, Kiingereza kikavu, ikaanza kupiga kelele kutoka kwenye spika: mlima, mlima, vuta juu. Shangazi aliruka. Akakamata fimbo, king'ora kikalia, wingu likapasuka, na ile ardhi ya kahawia ikatujia yote kwa mara moja.

Picha ikasimama. Feni peke yake iliendelea.

Shangazi aliiachia fimbo. Alitazama kile kibao, akaiona ile elfu saba. Alidhani ni mkono wake. Niliona wazi akidhani hivyo, akikumbuka kitu ambacho hakikutokea: vidole vyake vikigeuza vibaya, simu ikiita.

"Kosa lile lile," alisema polepole. "Lile lile."

Akaifunga kompyuta.

Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na kilikuwa kichungu. Jumapili hakwenda kanisani. Jumatatu alimwambia Baba kwamba hatarudi kwenye mtihani, na Baba, bila kusema neno baya, akamletea fomu ya ile kazi ya ukarani. Goti lake likatulia. Hilo ndilo lililonitisha kuliko vyote. Alikaa kwenye kiti mchana kutwa, miguu imelala, akitazama malori yanavyopanda kuelekea mjini. Bibi alimpikia mboga ya maboga anayoipenda, akala vijiko viwili, akashukuru. Mimi nilizunguka nyumba peke yangu, mara tatu, mara kumi. Hata kufuta ubao hakukunisaidia.

Jumatano niliporudi shule nilimkuta uani ameketi na Bibi juu ya mkeka, wanapukuchua maharage. Fomu ilikuwa pembeni yake, imebanwa na jiwe isipeperushwe. Alikuwa ameshaijaza mpaka sahihi.

"Shangazi," nilisema, "ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Namba. Niligeuza ulipokuwa unaongea na simu."

Mikono yake ilisimama ndani ya maharage. Bibi alitazama huku na huku, hakuelewa. "Kageuza nini huyu mtoto?"

"Na nilikudanganya," nikaendelea, maana ningenyamaza nisingeweza tena. "Uliniuliza nikasema elfu kumi na mbili. Ilikuwa elfu saba."

"Kwa nini?"

"Usiondoke."

Nilisubiri kofi. Baba angenichapa, na ningeona ni haki. Shangazi aliinuka, akaenda mpaka kwenye uzio, akarudi. Akaenda tena. Nilitazama miguu yake ikitembea na nikaanza kulia kwa sababu ilikuwa inatembea.

"Ningeweza kukuchapa," alisema. "Kunidanganya ukiwa kwenye kiti kile ni vibaya sana, Tulizo. Watu wanakufa hivyo. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Sasa niambie. Baada ya kugeuza, mimi nilikaa muda gani pale?"

"Mpaka tukaanguka."

"Na ile namba ilikuwa wapi?"

"Mbele yako."

Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba nimemwonyesha kitu alichokuwa akikitafuta ndani ya nyumba siku nzima. "Mbele yangu," alisema. "Nilikuuliza wewe, na macho ninayo." Akachuchumaa akanishika mabega, mikono ina vumbi la maharage. "Kesho utageuza tena. Na keshokutwa. Geuza chochote unachotaka, uelekeo, mwendo, zima kabisa ukitaka. Usiniambie lini. Umeelewa? Hiyo ndiyo adhabu yako."

"Na fomu?" aliuliza Bibi.

Shangazi hakuigusa. Iliendelea kukaa pale chini ya jiwe mpaka mvua ya jioni ikaikuta.

Sijawahi kufanya kazi kwa bidii kama wiki zile mbili. Nilijifunza kugeuza namba kwa kidole kimoja huku nimetazama pembeni. Nilijifunza kukohoa ili kitufe kisisikike. Nilimwomba maji, akaenda kuleta, nikazima otopailoti. Akarudi, akaweka kikombe, akatazama juu kwenye herufi za kijani kabla hajakaa, akacheka kwa pua. Siku za kwanza nilimpata mara mbili. Baada ya hapo sikumpata tena. Macho yake yalizoea kuzunguka: kibao, herufi, urefu, mwendo, kibao tena, hayatulii hata anaposema nami, na ile hali ambayo Bibi aliiona ni ugonjwa wetu sote wawili ikapata kazi ya kufanya.

Nilielewa pia, polepole, nilichokuwa nikifanya. Kila hila mpya niliyobuni ilimsogeza karibu na kuondoka. Siku moja niliamua kutogusa chochote, nikakaa na mikono chini ya mapaja. Alitua salama, akanigeukia. "Leo umenionea huruma," alisema. "Usinionee huruma, Tulizo." Kesho yake nikageuza namba tatu kwa mpigo. Akazishika zote.

Aliondoka asubuhi moja yenye ukungu, kwa basi. Kompyuta aliniachia mimi. Baba alimbebea begi mpaka stendi na alipomuaga alimwambia, akitazama matairi ya basi badala ya uso wake, "Litazame, basi. Kama ulivyosema." Mimi nilimpa mkono kama msaidizi anavyompa nahodha, kwa sababu alinifundisha hivyo, na sikulia.

Simu ilikuja siku tisa baadaye, mchana, tukiwa mezani. Baba aliweka spika ili Bibi asikie. Tulisikia pumzi kwanza, kisha Shangazi: "Nimefaulu."

Bibi aliachia wimbo wa Kihehe palepale, bila utangulizi, mikono juu. Baba alikaa, akasimama, akakaa. Shangazi alipaza sauti juu ya ule wimbo: "Nipe Tulizo. Kaka, nipe Tulizo."

Nikaichukua simu. "Aligeuza namba zipi?" niliuliza.

"Nani?"

"Mtahini."

Alicheka mpaka akakohoa. "Hakugeuza hata moja, mama. Alizima injini ya kushoto tukiwa tunapanda."

"Hata moja?"

"Hata moja. Lakini nilisoma kila wakati. Kila wakati, nikikutarajia."

Kisha akasema kwamba watampangia Dar es Salaam, kuna chumba ameshapata na mwenzake, na kuja nyumbani labda Pasaka, labda baada ya Pasaka, ratiba ikitoka atajua. Nikasema sawa. Nikamrudishia Baba simu. Nikatoka uani, nikakaa juu ya mkeka wa maharage, na hapo ndipo nilipolia kilio ambacho sikukilia stendi, cha Mama na cha Shangazi kwa pamoja, mpaka kwikwi zikanikaba.

Bibi alinifuata nje akiwa bado anaimba. Aliponiona alinyamaza, akaketi kando yangu kwa shida ya magoti yake, akanifuta uso kwa pindo la kanga.

"Furaha hiyo, mwanangu," alisema. "Iache itoke."

Nikamwacha aamini hivyo. Nusu yake ilikuwa kweli.